Mikato ya sauti kwenye kompyuta ya prosesa mbili: kisa cha studio moja Kisumu

Usuli

Studio hii ipo katika mtaa mmoja wa Kisumu. Hurekodi kwaya za makanisa, vikundi vya ohangla na benga, na mara kwa mara wazee wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Nimeondoa majina ya wahusika, jina la mtaa na majina ya kampuni zilizotengeneza vifaa. Mimi niliitwa kama fundi wa mitambo baada ya wengine kujaribu, kwa hiyo sehemu ya mwanzo ya kisa naieleza kama nilivyosimuliwa na mwenye studio pamoja na kijana anayemsaidia kurekodi.

Kwa miaka mingi studio ilitumia kompyuta ya kawaida ya prosesa moja. Ndani yake kulikuwa na kadi ya sauti yenye viingilio 8, ya chipu ya Envy24, iliyochomekwa kwa PCI, aina ya zamani ya sloti za kadi. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa studio, kadi hiyo huendeshwa na draiva (programu inayoongoza kifaa) iitwayo snd_ice1712, ambayo ni sehemu ya ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, na huja na kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi. Juu ya ALSA waliendesha JACK, programu inayopitisha sauti kati ya kadi na programu nyingine, na juu ya JACK programu ya kurekodi. Mpangilio huo ulikuwa umetulia.

Kazi ilipoongezeka, mwenye studio alinunua kompyuta ya mtumba ya kazi nzito, kati ya zile zinazotoka ofisi za ng'ambo na kuuzwa Nairobi. Ilikuwa na prosesa 2 za Xeon, kila moja ikiwa na viini 6 (sehemu zinazofanya kazi sambamba), na kila kiini kikibeba nyuzi 2, yaani mikondo miwili ya kazi. Linux huhesabu kila uzi kama prosesa, kwa hiyo ilipoiangalia ilihesabu prosesa 24. Kadi ya sauti ilihamishwa kutoka kompyuta ya zamani na kuingizwa kwenye sloti ya PCI ya kompyuta mpya. Kadi ilikuwa ile ile na draiva ile ile. Kilichobadilika, kwa macho ya kila mtu pale, kilikuwa kimoja: sasa kulikuwa na prosesa mbili.

Kulikuwa na badiliko jingine ambalo hakuna aliyelitaja. Kompyuta ya zamani ilikaa karibu na ruta na iliunganishwa kwa waya. Kubwa hii ilipiga kelele kwa feni zake, ikawekwa chumba cha pili, na kwa kuwa waya haukufika, ilichomekwa kijiti cha waifai kwenye tundu la USB la mbele. Draiva ya kijiti hicho haikuwemo kwenye kerneli. Ilipakuliwa na kujengwa kando.

Dalili

Mikato ilisikika kwa mara ya kwanza wakati wa kurekodi nyatiti. Anayejua ala hii anafahamu kwamba mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, na huigonga kwenye ubao wa ala ili kushika mdundo huku mikono ikishughulika na nyuzi 8. Katika rekodi kulikuwa na milio mifupi mikavu, "tak", isiyofuata mdundo. Kijana wa kurekodi akadhani pete inateleza, akamwomba mzee agonge taratibu.

Mzee alisikiliza rekodi kwenye hedifoni, kisha akasema: "Mwanangu, pete yangu hailii hivyo. Na hapo mwisho nilikuwa nimeshanyamaza, lakini yenyewe bado inalia."

Alikuwa amesema kweli. Sekunde za mwisho za rekodi, baada ya nyuzi kutulia, zilikuwa na mikato miwili. Hapo ndipo ilipokubalika kwamba tatizo liko ndani ya kompyuta. Kwaya iliyofuata ikaudhika zaidi, kwa sababu sauti ndefu ya waimbaji haifichi mkato hata kidogo.

Jambo la pili lililoonekana: stima ikipotea, kompyuta ikabaki ikiendeshwa na UPS, mikato iliongezeka sana. Stima ikirudi, ilipungua baada ya muda. Mwenye studio akahitimisha kwamba UPS inatoa umeme mchafu unaoingia kwenye kadi. Kwa mtu aliye kwenye kiti chake hitimisho hilo lina mantiki, na mimi pia nisingelipuuza bila kulipima.

Yaliyofanywa kabla sijaitwa

Fundi wa kwanza aliondoa draiva ya sauti na kuiweka upya. Draiva inayokuja na kerneli haiharibiki hivi hivi kama faili haijaguswa, na kuiweka upya kulirudisha kile kile kilichokuwepo. Mikato haikubadilika. Kisha akaweka mfumo mzima upya. Mipangilio ya JACK ikapotea, pamoja na madoido ya sauti ambayo kijana alikuwa ameyapanga kwa muda mrefu, na kijiti cha waifai kikajengewa draiva yake tena kwa sababu bila intaneti hakuna kazi. Kwa maneno mengine, chanzo cha tatizo kilirudishwa kwa uangalifu mkubwa.

Fundi wa pili aliongeza bafa, yaani ghala dogo ambamo sauti hukusanywa kabla ya kuchukuliwa, kutoka sampuli (vipimo vya sauti) 256 hadi 1024. Mikato ilipungua. Lakini kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 256 ni milisekunde 5.3, na ya 1024 ni milisekunde 21.3. JACK huweka angalau bafa mbili, kwa hiyo mwimbaji anayetaka kujisikia akiwa na mwangwi kwenye hedifoni alikuwa anajisikia kwa kuchelewa zaidi ya milisekunde 40. Solo wa kwaya alivua hedifoni na kusema hawezi kuimba akifuatwa na nafsi yake.

Ni fundi huyu wa pili aliyetoa maelezo yaliyokuja kuaminiwa na wote: draiva za sauti za zamani haziwezi kompyuta yenye prosesa zaidi ya moja, basi dawa ni kununua kadi nyingine au kurudi kwenye kompyuta ya awali.

Kwa nini maelezo hayo yaliaminika

Nayachukulia kwa uzito kwa sababu yana mzizi wa kweli. Linux ilianza kutumia prosesa nyingi katika toleo la 2.0 mwaka 1996, na wakati huo kerneli nzima ililindwa kwa kufuli moja kubwa, lililoruhusu prosesa moja tu kuwa ndani yake kwa wakati. Draiva nyingi ziliandikwa zikitegemea desturi ya kuzima makatizo yote (miito ya vifaa inayoikatiza prosesa kazi yake) kwa amri moja, kisha kugusa data bila hofu. Kwenye prosesa moja hilo linatosha. Kwenye prosesa mbili, kuzima makatizo ya upande wako hakumzuii mwenzako wa upande wa pili kuingia kwenye data ile ile. Amri ile ya kuzima makatizo ya prosesa zote iliondolewa wakati wa kerneli za 2.5, mwaka 2002, na waandishi wa draiva wakalazimika kuweka kufuli mahususi kwa kila data. Masalia ya kufuli kubwa yaliondolewa kabisa katika 2.6.39, mwaka 2011.

Kwa hiyo draiva isiyostahimili prosesa nyingi ni kitu kilichokuwepo. Swali lilikuwa kama ndicho tulichokuwa nacho, na swali hilo lina jaribio.

Kupima

Nilipofika niliomba kitu kimoja kwanza: asibadilishe mtu chochote. Bafa tukairudisha 256 ili tatizo lijionyeshe vizuri.

Tulichukua simu, tukaiwekea programu ya kutoa toni tulivu ya hezi 1,000, tukaichomeka kwa waya kwenye kiingilio cha kwanza cha kadi, tukarekodi. Napendekeza njia hii kuliko muziki wowote. Toni tulivu ikikuzwa kwenye skrini ni mawimbi yanayofanana, moja baada ya jingine, na mahali penye mkato huonekana bila ubishi: wimbi linapanda, halafu katikati ya mpando linaruka na kuendelea kutoka mahali pasipostahili. Sauti haikuongezewa kelele. Kipande chake hakipo. Hilo peke yake liliondoa hoja ya umeme mchafu, kwa sababu umeme mchafu huongeza mlio juu ya wimbi, haulikati wimbi na kuliunganisha tena.

Pembeni tulifungua dirisha la ujumbe wa JACK, ambalo huandika kila mara bafa inapochelewa kuhudumiwa. Kila mkato kwenye wimbi ulikuwa na mstari wake hapo, kwa saa ile ile. Sasa tulijua aina ya tatizo: kadi inaita, na kuna mtu anachelewa kuitika.

Jaribio la prosesa moja

Tuliwasha kompyuta upya tukiongeza maxcpus=1 kwenye amri za kuwashia kerneli. Kwa hali hiyo Linux hutumia kiini kimoja tu, mengine yote yakibaki yalivyo: kadi ile ile, sloti ile ile, draiva ile ile. Kama tatizo lilikuwa draiva kushindwa na prosesa nyingi, mikato ingetoweka.

Iliongezeka.

Kijana wa kurekodi alikunja uso, lakini kwangu hayo yalikuwa matokeo bora ya siku. Maelezo ambayo nusura yaifanye studio inunue kadi mpya yalikuwa yameanguka kwa jaribio la dakika chache lisilogharimu chochote. Pia matokeo hayo yalituelekeza mbele: kukiwa na kiini kimoja, wanaogombea huduma ni wengi, na sauti inateseka zaidi. Basi kuna kifaa kingine kinachoshika prosesa muda mrefu kupita kiasi.

Mstari wa 18

Kadi ya sauti ikijaza bafa humpigia prosesa kengele aache alilonalo aje kuchukua data. Kengele hiyo ndiyo katizo. Kwa bafa ya sampuli 256, kadi huita mara 187 na nusu kila sekunde. Linux huonyesha hesabu ya makatizo yote katika faili iitwayo /proc/interrupts.

Hapa kuna jambo dogo lililofanya fundi wa awali apite karibu na jibu bila kuliona. Alikuwa ameifungua faili hiyo kwa amri ya watch, inayoonyesha matokeo upya kila baada ya muda mfupi. Kwenye kompyuta ya viini viwili au vinne, kila mstari hutosha kwenye skrini. Kwenye hii kulikuwa na safu 24 za tarakimu, moja kwa kila prosesa, na majina ya vifaa huandikwa mwisho kabisa, kulia. Amri ya watch huendeleza mstari mrefu kwenye safu za chini, na hukata kinachozidi kimo cha dirisha. Alichoona ni ukuta wa tarakimu, na mstari wa kadi ulikuwa nje ya skrini. Sisi tulitafuta mstari wa kadi peke yake:

grep ice1712 /proc/interrupts

Mstari ulikuwa wa 18, na mwisho wake kulikuwa na majina matatu: ehci_hcd, uhci_hcd na snd_ice1712. Yaani kadi ya sauti ilikuwa inatumia mstari mmoja wa katizo pamoja na vidhibiti viwili vya USB. Tulipochomoa kijiti cha waifai na kukichomeka tena, ujumbe wa kerneli ulithibitisha kwamba tundu la mbele linahudumiwa na kidhibiti hicho hicho cha ehci kilichopo kwenye 18.

Kadi za PCI za kizazi hicho hutumia waya halisi za katizo, na waya ni chache, hivyo vifaa hushirikishwa. Katizo likija kwenye mstari wa pamoja, prosesa haijui ni nani ameita. Huwauliza wote, mmoja baada ya mwingine, kwenye kiini kimoja. Draiva moja ikikawia, au ikizima makatizo kwenye kiini hicho kwa muda mrefu, mwenzake anasubiri. Hapo viini vingine 11 havina msaada wowote, kwa sababu mstari mmoja huhudumiwa na kiini kimoja kwa wakati.

Tukachomoa kijiti. Toni ikarekodiwa safi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tukakirudisha, mikato ikarudi. Tukazima ruta makusudi huku stima ikiwepo. Mikato ikawa mingi kama siku za giza. Fumbo la UPS likafumbuka hapo hapo. Stima ikipotea, kompyuta ilibaki hai kwa UPS lakini ruta, ambayo haikuwa na UPS, ilizimika. Kijiti kikaanza kutafuta mtandao tena na tena, na draiva yake ilikuwa nzito zaidi wakati wa kutafuta kuliko wakati wa kutumia mtandao.

Maamuzi

Tulikuwa na njia kadhaa mezani na tulizijaribu kabla ya kuchagua.

Kwanza tulizima irqbalance, huduma inayohamisha makatizo kati ya viini, na kuufunga mstari wa 18 kwenye kiini kimoja kupitia /proc/irq/18/smp_affinity. Ushauri huu husambazwa sana kama dawa ya sauti kwenye kompyuta za prosesa nyingi. Hapa haukusaidia. Kila kiini tulichoupeleka mstari, sauti na USB vilihamia pamoja, na mikato ikafuata. Huwezi kuwatenganisha wanaotumia mstari mmoja kwa kuwahamisha wote.

Kisha tukawasha kerneli kwa threadirqs, ambayo hugeuza kazi ya kila draiva kuwa uzi wenye kipaumbele chake. Tukaupa uzi wa sauti kipaumbele cha juu. Mikato ilipungua sana, haikuisha. Sababu ni kwamba mstari wa pamoja hubaki umezibwa mpaka nyuzi zote zilizoamshwa nao zimalize. Uzi wa waifai ukikawia, mwito unaofuata wa kadi bado unangoja.

Tatu, tulihamisha kijiti kwenye tundu la nyuma lililo chini ya kidhibiti kingine, kwenye mstari wa 23. Kwa hali hii, pamoja na kuweka mistari ya 18 na 23 kwenye viini tofauti, toni ilirekodiwa bila mkato hata ruta ikiwa imezimwa. Sasa viini vingi vilikuwa na faida, kwa sababu palikuwa na mistari miwili ya kugawa.

Hata hivyo nilishauri wasiishie hapo. Mtu yeyote anayefagia studio anaweza kuchomoa kijiti na kukirudisha mbele bila kujua. Mwenye studio alikubali kupitisha waya wa mtandao ukutani hadi kwenye ruta na kuondoa kijiti pamoja na draiva yake. Mlango wa mtandao uliomo kwenye kompyuta hutumia katizo lake mwenyewe, na draiva yake imo kwenye kerneli. Matundu ya mbele tuliyabandikia karatasi inayosema yatumike kwa kibodi na flashi peke yake, na kwamba flashi isichomekwe wakati wa kurekodi. Ruta nayo ikaunganishwa kwenye UPS.

Mfumo haukuwekwa upya. Draiva ya sauti haikuguswa.

Matokeo

Kwaya ilirudi na kurekodi kwa bafa ya 256, solo akiwa na mwangwi wake kwenye hedifoni. Mzee wa nyatiti alirudiwa kazi yake bila malipo. Katika rekodi ndefu za majaribio, dirisha la JACK lilibaki tupu. Mkato mmoja mmoja bado hutokea mtu akifungua kivinjari kizito katikati ya kurekodi, na kwa hilo wameweka utaratibu: kurekodi ni 256 na vivinjari vyote vimefungwa, kuchanganya sauti ni 1024.

Kilichopotea hakikurudi chote. Madoido yaliyofutwa wakati mfumo ulipowekwa upya yalitengenezwa tena kwa kukumbuka, na kikundi kimoja cha ohangla kilikuwa kimeshakwenda studio nyingine.

Uchambuzi

Kosa kubwa katika kisa hiki lilikuwa kudhani kwamba kifaa kinacholalamika ndicho kibovu. Sauti ndiyo ya kwanza kuonyesha ucheleweshaji wowote ndani ya kompyuta, kwa sababu barua pepe ikichelewa milisekunde 10 hakuna anayejua, lakini toni ikichelewa hivyo kila sikio linajua. Draiva ya waifai ilikuwa inakosea, mtandao ukaendelea kufanya kazi vizuri, na lawama zikaiangukia draiva ya sauti iliyokuwa inatimiza wajibu wake.

Kuongeza bafa kulifanya mambo kuwa magumu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Si dawa mbaya wakati wa kuchanganya sauti. Lakini ikitumiwa kabla ya kutafuta chanzo, mikato inakuwa michache kiasi kwamba huwezi kuihusisha na tukio lolote, na mtu anaweza kukaa na tatizo hilo miaka.

Kuweka mfumo upya kuliumiza kwa namna nyingine. Mafundi wengi wa mitaani, Kisumu na kwingineko, hulipwa kwa kazi inayoonekana: mfumo mpya, draiva mpya, kifaa kipya. Kupima hakuonekani, na mteja huuliza mbona umekaa tu unatazama tarakimu. Mwenye studio huyu alikuwa tayari kulipia upimaji, na hilo lilichangia suluhisho sawa na amri yoyote tuliyoandika. Ningependa wateja wengi zaidi wafanye hivyo, na sisi mafundi tuwe na ujasiri wa kuwaomba.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni maxcpus=1. Faida yake ni kwamba ina uwezo wa kuua dhana. Majaribio mengi yaliyotangulia yalikuwa ya kuthibitisha tu: weka hiki, uone kama kimesaidia. Na kwa kuwa mikato hupungua na kuongezeka yenyewe kutegemea hali ya mtandao, karibu kila kitu kilionekana kusaidia kwa muda.

Studio inapanga kubadilisha kadi siku za mbele, na ushauri niliowapa ni wa kukagua kabla ya kulipa. Kadi za PCIe, aina iliyoirithi PCI, zinaweza kuita prosesa kwa ujumbe, njia iitwayo MSI, badala ya waya wa pamoja, na katizo la namna hiyo halishirikishwi na kifaa kingine. Lakini baadhi ya kadi zinazouzwa kama PCIe ni chipu ya zamani ya PCI iliyowekewa daraja, na hizo bado hutumia mstari wa pamoja. Kadi ikishachomekwa dukani, amri ya lspci -vv, inayoorodhesha vifaa vya PCI, ionyeshe MSI ikiwa na Enable+ kwenye mistari yake. Ikionyesha Enable-, au MSI haipo kabisa, angalia kwanza katika /proc/interrupts inashiriki mstari na vifaa gani.